Fundo la Ulimi na Dhiki ya Kifua

Kiswahili kinayatenga mambo mawili ambayo sisi wasemaji wake huyachanganya kila siku. Mtu aliyeulizwa ghafla jambo asilolitaraji, akashikwa na hofu na maneno yakamtoka vipande vipande, husemwa kuwa amebabaika. Yule ambaye ulimi wake hukwama tangu utotoni, kwa rafiki na kwa mgeni, siku ya arusi na siku ya msiba, husemwa kuwa ana kigugumizi. La kwanza ni tendo, lina mwanzo na lina mwisho. La pili ni kitu alichonacho mtu, kama alivyo na kimo chake au sauti yake. Neno lenyewe linakaribiana na kugugumia, kunywa kwa pupa hata koo likasikika, na kwa hakika anayemsikiliza mwenye kigugumizi huona kama kwamba neno linamezwa badala ya kutoka. Lipo na la tatu, kitembe, la mtu ambaye herufi fulani haimkubali. Nalo tutalihitaji mbele.

Waliotuachia maneno haya walikuwa na masikio mazuri. Sisi warithi ndio tunaoyavuruga. Mwenye kigugumizi akisimama mbele ya askari, au hakimu, au kamati inayotoa kazi, kukwama kwake husomwa kuwa ni kubabaika. Na kubabaika, kwetu, ni alama ya mtu anayeficha jambo. Mwalimu humdhani hakudurusu. Wakwe watarajiwa huuliza pembeni kama kijana huyu ana akili timamu. Kosa hili halikuanza kwetu, wala halikufanywa na wajinga peke yao. Limefanywa na matabibu, na maprofesa, na wafalme, na nyuma yake limesimama swali moja kongwe: je, hofu ndiyo inayozaa kigugumizi, au kigugumizi ndicho kinachozaa hofu? Mimi si tabibu. Ni mtu wa mashairi na tafsiri, niliyesoma kwa kuazima vitabu na kuvirejesha. Jambo hili nimelifuata kwa miaka kwa sababu kazi yangu ni maneno, na hawa ni watu waujuao uzito wa neno kabla halijatoka kinywani.

Historia hii yafaa ianzie kwa Nabii Musa, amani iwe juu yake. Katika Surat Taha, alipoamrishwa kwenda kwa Firauni, dua yake ina mpangilio ambao mtu wa fasihi hawezi kuupita bila ya kusimama. Kwanza aliomba kifua chake kikunjuliwe, kisha kazi yake iwe nyepesi, na baada ya hapo ndipo alipoomba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu wamfahamu. Katika Surat Ash-Shu'araa mpangilio ni huo huo: anataja dhiki ya kifua, kisha ulimi usiokwenda, kisha anamtaja nduguye Harun. Kifua na ulimi vimewekwa bega kwa bega, lakini ni viwili. Hakuomba kimoja kwa kudhani kuwa cha pili kitafuata chenyewe. Wafasiri nao wanasimulia kisa cha kaa la moto, kwamba Musa alipokuwa mtoto mchanga katika nyumba ya Firauni alijaribiwa, akalishika kaa na kulitia mdomoni, likamuunguza ulimi. Kwa kisa hicho fundo lilikuwa la mwilini, la tangu utoto, wala si tunda la woga. Firauni, kama ilivyo katika Surat Az-Zukhruf, aliligeuza fundo hilo kuwa hoja: huyu asiyeweza hata kujieleza, ubora wake uko wapi? Hoja hiyo ingali ikisikika katika vyumba vya usaili, ila wanaoitoa hawajui walikoirithi.

Al-Hasan al-Basri, mwanachuoni mkubwa wa Basra aliyefariki mwaka 728, amenukuliwa na wafasiri akisema kwamba Musa aliomba lifunguliwe fundo moja tu, na lau angeliomba zaidi angelipewa. Aliomba kiasi cha kufahamika. Hakuomba ufasaha. Nimelipenda sana neno hili la Hasan, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tubaki Basra, mji ambao majahazi yake yalileta tende katika pwani hii hadi karne ya 20, na ambao ulitupa pia kisa kitamu kuliko vyote katika mlango huu.

Katika darasa la Hasan alikaa kijana aitwaye Wasil bin Ataa, ambaye baadaye alijitenga na mwalimu wake, na wafuasi wake wakaitwa Mu'tazila, yaani waliojitenga. Wasil alifariki mwaka 748. Alikuwa na kitembe cha herufi ra. Alikuwa pia mtu wa mijadala, na mjadala wa zama zile ulikuwa wa hadharani, mbele ya mahasimu wenye ndimi kali. Basi aliamua kuiacha ra. Hakuacha kusema: aliiacha ra. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne iliyofuata, ametuwekea habari zake katika kitabu chake kikubwa cha ufasaha, Al-Bayan wa at-Tabyin. Ngano kwa Kiarabu ina majina kadhaa, na moja lenye fahari, burr, lina ra. Wasil alisema qamh. Alipotaka kumlaumu mshairi kipofu Bashshar bin Burd, alikabiliwa na jina lililoishia kwa ra na jina la baba lenye ra katikati. Akamwita kwa kuniya yake, Abu Mu'adh. Neno moja la kipofu lina ra, akatumia lingine. Neno la kitanda lina ra. Akasema mahali pa kulalia. Kisha inasimuliwa kuwa alihutubu mbele ya gavana wa Iraq, pamoja na makhatibu mashuhuri, hotuba kamili isiyokuwa na ra hata moja, na Qur'ani aliyoisoma humo ni Surat al-Ikhlas. Msomaji aijaribu sura hiyo kwa ulimi wake mwenyewe: haina ra.

Makhatibu na washairi wamekistaajabia kisa hiki kwa zaidi ya miaka elfu na mia mbili. Mimi pia nilikistaajabia, hadi nilipojaribu kuyaishi maisha hayo kwa Kiswahili kwa asubuhi moja. Huwezi kusema rafiki, utasema sahibu. Huwezi kusema habari. Utasema u hali gani. Mgeni akipiga hodi huwezi kumkaribisha. Utamwambia apite ndani. Hayo yawezekana. Lakini je, ikiwa jina lako ni Rashidi? Watu wenye kigugumizi wengi hueleza kwamba jina lao wenyewe ndilo linalowasumbua kuliko yote, na sababu iko wazi: jina halina kisawe. Neno lingine lolote laweza kukwepwa. Aliyeulizwa "Nani wewe?" hana njia ya kuzunguka, na akikwama hapo, aliyeuliza hustaajabu kwamba mtu amesahau jina lake.

Kwa nini nakitia kisa cha kitembe katika insha ya kigugumizi? Kwa kuwa alichokifanya Wasil ndicho wakifanyacho mamilioni ya wenye kigugumizi, bila ya gavana na bila ya sifa. Wanaliona neno gumu linakuja, kama nahodha anavyoona maji yanavyobadilika rangi juu ya mwamba, nao hugeuza tanga. Husema "jamaa yule" badala ya jina. Huagiza chakula wasichokitaka kwa kuwa jina lake ni jepesi. Mshairi anayetafuta kina hubadilisha maneno vivyo hivyo, lakini mshairi hakuna anayemkimbiza. Msikilizaji husikia mtu anayesema vizuri. Hasikii hesabu inayopigwa ndani kwa kila sentensi, wala jakamoyo la kungojea neno ambalo halitakwepeka. Mwenye kukwepa hujikuta na mambo mawili: ulimi ule ule, na juu yake hofu mpya ambayo hakuzaliwa nayo.

Al-Jahiz, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, hakuchanganya. Ana orodha ya kasoro za ulimi, kila moja na jina lake: anayerudia ta, anayerudia fa, anayebadilisha herufi. Na mbali na hao anazungumza juu ya makhatibu wenye ndimi nzima waliopanda minbari, wakayaona macho ya watu, na maneno yakazibwa. Wale wa kwanza wana jambo la ulimi. Hawa wa pili wana jambo la kifua. Mafakihi nao wakatenga. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj yake ambayo vizazi vya wanafunzi wa pwani hii wameisoma, amesema kuwa uimamu wa mwenye kurudia ta au fa unasihi pamoja na karaha. Ama wa mwenye kitembe kinachobadilisha herufi ya Fatiha, hausihi ila kwa walio mfano wake. Msomaji anaweza kuiona hukumu hiyo kuwa nzito. Mimi naona ndani yake usikivu: mwenye kigugumizi analisema neno lile lile, ila kwa kuchelewa.

Wayunani walikuwa na Demosthenes, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Nabii Isa. Plutarko anasimulia vijiwe mdomoni, hotuba za kupanda mlima, chumba cha chini ya ardhi, nusu ya kichwa kunyolewa ili aone haya kutoka nje. Cicero anaongeza kwamba hakuweza kuitamka herufi ya kwanza ya fani yake mwenyewe, nayo ni r. Herufi ile ile ya Wasil! Mmoja aliipiga vita hata akaishinda, mwingine akaikwepa hata kufa. Kisa cha Demosthenes kimewaumiza watu wengi kwa kuwa kila mzazi anakijua. Mtoto akikwama, huambiwa ajitahidi, kana kwamba hajitahidi.

Nitapita haraka juu ya karne zilizofuata, maana zimejaa dawa za ajabu. Lakini mwaka 1841 haupitiki. Huko Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, daktari mpasuaji mwenye sifa kubwa katika Ulaya, alianza kuwakata wenye kigugumizi pande la shina la ulimi. Wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka 13. Dawa ya kulaza mgonjwa ilikuwa bado; etha ilidhihirishwa hadharani mwaka 1846. Kwa miezi michache upasuaji huo ulienea miji kadhaa ya Ulaya, kisha ukaachwa, kwa sababu kigugumizi kilirudi na baadhi ya wagonjwa walifariki. Dieffenbach aliamini kuwa jambo ni la nyama. Waliomfuata wakaona kosa lake, wakakimbilia ncha ya pili: jambo si la nyama hata kidogo, ni la nafsi. Wafuasi wa Freud walikiita kigugumizi ugonjwa wa hofu na matamanio yaliyozuiwa, na kwa miongo mingi mwenye kigugumizi alilazwa kwenye kochi na kuulizwa habari za mama yake.

Ncha hii ya pili ilifika mbali zaidi katika jimbo la Iowa, Marekani, na ni lazima niikalie. Chuo Kikuu cha Iowa katika miaka ya 1920 na 1930 kilikuwa ndicho kitovu cha elimu ya kigugumizi. Kwanza walidhani kwamba ubongo wa mwenye kigugumizi umegombania mkono wa kulia na wa kushoto, wakawafunga watu mkono wa kulia. Mwanafunzi mmoja, Wendell Johnson, mwenyewe mwenye kigugumizi, alizaliwa Kansas mwaka 1906 na akafika Iowa mwaka 1926 akitafuta tiba. Alijaribu kujigeuza kuwa wa kushoto, hakupona. Akaja na nadharia yake. Watoto wote wadogo, alisema, husitasita wanapojifunza kusema. Mzazi mwenye wasiwasi husikia kusita huko, hukiita kigugumizi, mtoto huogopa, na katika kuogopa ndimo kigugumizi chenyewe huzaliwa. Kwa maneno mengine, sikio la mzazi ndilo linaloumba kasoro ya ulimi wa mtoto.

Ni nadharia nzuri. Nasema nzuri kwa maana ya mshairi: ina mzunguko, ina kejeli yake, ina mwisho unaouma. Ilienea kila mahali, na wazazi wengi, mama khasa, wakabeba lawama. Johnson aliitilia nguvu kwa kutaja Wahindi Wekundu wa Shoshone na Bannock wa Idaho, ambao, aliandika mwaka 1944, hawana kigugumizi kwa kuwa hawana neno lake. Watafiti waliorudi kwa watu hao baadaye na kuwauliza kwa lugha yao wakakuta, mwaka 1983, kwamba neno lipo, na si moja, na wenye kigugumizi wapo. Mfasiri yeyote angeweza kumwonya: usiseme kuwa lugha ya watu haina neno kabla hujakaa barazani kwao.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1939, kuanzia Januari hadi Mei, Johnson alimtuma mwanafunzi wake, Mary Tudor, kwenye nyumba ya mayatima katika mji wa Davenport. Walichaguliwa watoto 22. Kumi walikuwa wakihesabiwa kuwa na kigugumizi, 12 hawakuwa nacho. Katika wale 12 wenye ndimi nzima, sita waliambiwa kwamba wameanza kuonyesha dalili za kigugumizi, kwamba wasiseme kitu ila wakiwa na hakika watakisema sawasawa, na walezi wao wakaagizwa kuwasahihisha kila wanapositasita. Mayatima hawakuambiwa kuwa ni jaribio. Hawakuwa na wa kumuuliza.

Matokeo hayakuchapishwa. Tasnifu ilikaa katika maktaba ya chuo hadi gazeti moja la California lilipoieleza dunia mwaka 2001. Chuo kiliomba radhi mwaka huo, na mwaka 2007 Jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000 kwa madai ya sita waliofanyiwa jaribio, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa. Waandishi wengi waliokiandika kisa hiki walisema kwamba watoto wazima walifanywa kuwa na kigugumizi. Sivyo. Nicoline Ambrose na Ehud Yairi, wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliupitia upya ushahidi wa tasnifu hiyo na kuandika mwaka 2002 kwamba hakuna dalili ya kuwa hata mtoto mmoja alipata kigugumizi. Kilichoandikwa na Tudor ni kingine. Watoto wale walipunguza maneno. Majibu yao yakawa mafupi. Mmoja alikuwa akijifunika macho kwa mkono, na karibu akatae kusema kabisa. Darasani wengine hawakutaka tena kusoma kwa sauti. Tudor mwenyewe alirudi Davenport baadaye kujaribu kuwaambia kuwa hawana kasoro yoyote.

Hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Watu wazima, kwa elimu na kwa makusudi, waliipanda hofu katika ndimi sita za mayatima, na hofu ikaota. Lakini mti ulioota haukuwa kigugumizi. Ulikuwa kimya. Johnson alikuwa na ushahidi huo mikononi tangu mwaka 1939, na nadharia yake ikaendelea kuhubiriwa kwa miongo mingine miwili na zaidi.

Mwaka ule ule wa 1939, tarehe 3 Septemba, Mfalme George wa Sita, ambaye visiwa hivi vilikuwa chini ya himaya ya dola yake, alihutubia redioni juu ya vita akiwa na kigugumizi chake na mwalimu wake Lionel Logue chumbani. Walikuwa wamejuana tangu Oktoba 1926, mwaka mmoja baada ya hotuba ya Wembley iliyomfedhehesha. Logue, Mwaustralia aliyejifunza kazi kwa kuifanya, hakuwa na shahada ya utabibu, na mimi, kama walivyo wote waliojisomea wenyewe, nina huba naye. Filamu ya mwaka 2010 iliwafanya wajulikane kila pembe, nayo inamwachia mtazamaji hisia kwamba kigugumizi kilitokana na yaya mkali, vyuma vya miguu na baba asiyevumilia. Mateso hayo hayakuwa madogo. Lakini watoto wasiohesabika wamelelewa kwa ukali kuliko huo na ndimi zao zikabaki nyepesi, na wengine wamelelewa kwa mapenzi matupu na fundo likawapata.

Wajuzi wa leo wanasema nini? Kigugumizi aghalabu huanza kati ya miaka 2 na 5, umri ambao mtoto bado hajajua fedheha. Yapata watoto 5 katika kila 100 hupitia, wengi wao huacha, na kwa watu wazima hubaki kama mmoja katika kila 100, wanaume wakiwa takriban wanne kwa kila mwanamke. Kwenye koo nyingine hurithiwa. Dennis Drayna na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitangaza mwaka 2010 kuwa wamekuta mabadiliko katika jeni tatu, safari ambayo walikuwa wameianza kwa familia za Pakistani ambamo ndugu huoana. Na mwaka 2015 ikaongezwa jeni ya nne, iliyofuatwa kutoka ukoo mkubwa wa Kameruni. Jeni hizo zinahusika na kupeleka vitu mahali pake ndani ya chembe hai za mwili. Zinawaeleza sehemu ndogo tu ya wenye kigugumizi, lakini zatosha kuonyesha kwamba yaya hakuwa peke yake katika kesi hii.

Na hofu? Ipo, wala si ndogo. Watu wazima wenye kigugumizi, hasa wale wanaotafuta tiba, hukutwa na hofu ya watu kwa kiwango kikubwa kuliko wengine. Mtu aliyechekwa tangu chuoni hadi kazini angekuwaje? Ross Menzies na wenzake wa Sydney walichukua watu kama hao wakawatibu hofu, kwa mazungumzo na mazoezi ya kuzikabili fikra zao. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 ni ya kusoma mara mbili. Hofu ilishuka sana, watu wakaanza kwenda mahali walipokuwa wakipakwepa na kusema walipokuwa wakinyamaza. Kigugumizi chao hakikupungua kwa sababu ya tiba hiyo. Yaani kifua kilikunjuliwa, na fundo likabaki pale pale. Yule aliyeomba mawili katika Surat Taha aliyajua hayo.

Atakayenipinga ataniuliza: mbona mwenye kigugumizi akiwa peke yake husema vizuri? Ni kweli, na imepimwa. Mwaka 2021 Eric Jackson wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake waliwaweka watu 24 katika hali ya kusema peke yao wakiamini kuwa hakuna anayewasikia, na kigugumizi kikakaribia kutoweka kabisa. Basi si hofu hiyo? Nami nitamjibu kwa jambo ambalo kila aliyepita chuoni amelishuhudia. Tulikuwa na mwenzetu ambaye kumwambia mtu jina la babake ilikuwa ni kazi ya dakika nzima. Tukisoma sote kwa pamoja, sauti yake ilikwenda sawia na zetu. Akisoma peke yake kwa mahadhi, ilikwenda pia. Katika kasida za maulidi hakuna aliyemjua kuwa ndiye. Na bakora ya mwalimu wakati wote huo ilikuwa pale pale, na macho ya watu yalikuwapo, na hofu ya kukosea aya ni kubwa kuliko hofu ya kukosea salamu. Hofu ilikuwapo, kigugumizi hakikuwapo. Wataalamu wanajua tangu zamani kwamba kusoma pamoja, kuimba, na kufuata mapigo humfungua mwenye kigugumizi mara moja, japo kwa muda wa tendo hilo tu. Kinachomshika, naona mimi, ni kazi ile ya kumtungia mtu neno papo hapo, bila ya mahadhi ya kulishika mkono, huku mtu mwenyewe akingoja. Kungojewa kunaweza kuleta hofu, lakini kungojewa na hofu si kitu kimoja.

Ndiyo maana nikasema nimelipenda neno la Hasan. Charles Van Riper, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1905, alikuwa na kigugumizi kikali kiasi kwamba ujanani alifanya kazi shambani akijisingizia kuwa bubu na kiziwi ili asisemeshwe. Baadaye alianzisha zahanati ya usemi huko Kalamazoo, Michigan, na mafunzo yake yalikuwa haya: usikwepe, usipigane, kwama waziwazi, polepole, bila ya kujikaza, ili lililobaki liwe jepesi kulibeba. Alikwama hivyo hadi alipofariki mwaka 1994, na wanafunzi wake walimfahamu.

Wasil hakuchagua hivyo, na zama zake pengine hazikumruhusu. Lakini hesabu moja ya maisha yake makhatibu hawakuipiga. Sala tano zina rakaa 17, na katika kila rakaa mna Fatiha, ambayo ra imo katika Rahmani na katika Rahimi na katika njia iliyonyoka. Hata takbira ya kufungulia sala inaishia kwa ra. Hapo hapana qamh ya kuweka mahali pa burr. Hotuba isiyo na ra, ile ambayo Basra haikuisahau, ilikuwa moja. Ra za sala zake kwa mwaka mmoja tu ni makumi ya maelfu, na zote alizisoma kwa kitembe chake.